Programu Isiyokatizwa

Duniani walikuwepo wataalamu wawili tu wa takwimu, na mmoja alishafariki. Hayo aliyasema Bingwa mwenyewe, mtakwimu wa kituo cha utafiti wa kuku. Hilo jina la Bingwa pia alijipa mwenyewe.

Jumatatu aliwasha programu ya kuchambua uzito wa kuku elfu tisa, akaegemea kiti, akatangaza: "Mtu asiguse! Hesabu hizi ni nzito. Programu yangu haikatizwi!"

Basi ikawa amri. Feni ya ofisi nzima ikageuziwa kompyuta, isije ikashikwa na joto. Birika la umeme likapigwa marufuku, eti linaiibia nguvu. Siku tatu wenzake walitoka jasho, wakanywa maji ya bomba, wakatembea kwa ncha za vidole kama wako wodini. Bingwa alikaa kando ya skrini, mikono kifuani, akipokea pole.

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi alichungulia mlangoni. "Saa nne nakutana na wafadhili. Bila ripoti hiyo, kituo kinafungwa. Iko wapi?"

"Inaiva, bosi!"

Mkurugenzi alipoondoka, katibu muhtasi, mama mpole aliyesomea takwimu masomo ya jioni bila kumtangazia mtu, alisogea na miwani yake.

"Kaka, mbona hapa imeandikwa, 'Kuku wa kwanza tayari. Bonyeza Enta niendelee'?"

Bingwa akainama. Akasoma. Akasoma tena. Mstari ule wa kuisimamisha programu aliuweka mwenyewe wiki iliyopita alipokuwa akitafuta kosa, akasahau kuutoa!

"Najua," alisema. "Nilikuwa naipumzisha."

Akabonyeza.

"Kuku wa pili tayari. Bonyeza Enta niendelee."

Akabonyeza. Kuku wa tatu tayari.

"Ikatize tu kwa kitufe cha Esc, kaka. Ufute huo mstari, uiwashe upya."

"Yangu haikatizwi!"

Alibonyeza kwa kidole cha shahada mpaka kikafa ganzi. Akahamia cha kati. Akahamia mkono wa kushoto. Kufikia kuku wa mia sita na kumi na mbili alikuwa anabonyeza kwa kiwiko, na zilikuwa zimebaki dakika tano kufika saa nne.

"Ikatize," akanong'ona, uso kaugeuzia ukutani.

Mkurugenzi aliingia wakati mama huyo anabonyeza Esc. Akamwona anafuta mstari mmoja, anaiwasha upya. Sekunde nne! Printa ikaanza kutema karatasi.

"Sekunde nne?" Mkurugenzi alikuwa bado anaitazama saa yake ya mkononi. "Sasa wewe siku tatu zote ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naisubiri, bosi."

"Na yenyewe je?"

Katibu muhtasi akazipanga karatasi, akazibana kwa pini, akamkabidhi Mkurugenzi.

"Yenyewe, bosi, ilikuwa inamsubiri yeye."