Ombi la Kurudishiwa Unyevu wa Chumba cha Chini

Kwa Ndugu Fundi wa Kuzuia Maji,

Shikamoo yako naihesabu nimeshaipokea. Marahaba, mwanangu.

YAH: KURUDISHIWA UNYEVU WANGU

Mimi ni yule bibi wa nyumba ya mteremkoni, uliyekuwa ukinikuta nimekalia ndoo nikikusimamia kazi. Shule niliipita kwa nje tu nikienda kuteka maji, kwa hiyo barua hii anaiandika wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye ninayemlalamikia. Humu ndani hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka mdomoni mwangu, asinipambie.

Malalamiko ni haya:

1. Kazi uliifanya vizuri kupita kiasi. Mwanangu alikuita upunguze maji, wewe ukayamaliza. Ulichimba mfereji kuzunguka msingi, ukalaza bomba na kokoto, ukaziba nyufa, ukapiga lipu ya dawa, kisha ukaingia kwa tumbo kwenye uvungu wa sakafu, pale hata paka anapogoma kuingia, ukatandika nailoni ukuta hadi ukuta. Mvua zote zilizonyesha tangu hapo, chumba cha chini ni kikavu kama biskuti. Nilishuka na kitambaa nikapapasa pembe zote, nikitafuta japo tone la kukusingizia. Sikupata. Huo ni uungwana gani?

2. Unyevu ule ulikuwa mlinzi wangu. Ndugu yeyote aliyekuja na godoro nilimteremsha chini kwa heshima zote, nikamwonyesha ukuta unaotoka jasho, na viatu vilivyoota ukungu mpaka vikafanana na kondoo. Hata soda hakuimaliza, akakumbuka kwake. Wifi yangu huyu alikuja kusalimia tu. Akashuka, akagusa ukuta, akanusa, akapanda kuniuliza kitanda kikae upande gani. Hata ndoo zako ulikuwa hujaziosha!

3. Vyura. Zamani walijazana uvunguni na kelele zao, nami nalala fofofo. Umewafukuza, sasa sauti za chini zinapanda moja kwa moja kwenye mbao za sakafu yangu. Namsikia wifi akisali. Ananiombea nilainishwe ulimi. Ananitaja kwa jina langu na la baba yangu, Mungu asije akakosea mtu. (Nitaendelea kuomba. – Mwandishi.)

4. Anawasimulia wajukuu zangu kwamba babu yao, mtu mzima na heshima zake, alikojoa kitandani mpaka alipoanza shule. (Kaka yangu namjua mimi. Ni mpaka alipoanza kunyoa ndevu. – Mwandishi.) Watoto walicheka mpaka wakagaragara. Mimi pia nilicheka, lakini hilo halihusu barua hii.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mwanangu akitoka kazini alikuwa anapitia jikoni kwangu kwanza. Sasa nasikia viatu vyake vinashuka ngazi. Wajukuu wako chini. Mkwe yuko chini. Birika nalo limehamia huko. Na mimi mwenye nyumba, na magoti haya, nashuka nimeshika ukuta wako mkavu, nakwenda kuomba chai chumbani kwa mgeni. Nikifika naambiwa, karibu, wifi, usione haya, hapa ni kwako. Hapa ni kwangu! Nilimkodolea macho mpaka akanisogezea mto.

Kwa hiyo, mwanangu, naomba uje ufungue ufa mmoja, ule wa nyuma ya tangi, na urudishe vyura, hata watatu. Kama wale wa mwanzo hawapatikani, nitapokea wengine. Unyevu uwe wa kumchosha tu, usimuumize. Usiuweke upande wa kichwani. Kifua kinamsumbua, na akikohoa nitakufuata na mwiko. Miguuni pia usiuweke, miguu inamvimba. Ukuta wa dirishani ametundika picha ya kaka yake, hapo usiguse kabisa. Weka mlangoni. Hapana, mlangoni atateleza. Wewe ndiye fundi, tafuta mahali.

Niishie hapo, kwa kuwa mwandishi anasema mkono wake umekufa ganzi, ingawa mimi naona ni hasira. Nisalimie mkeo, na mama yako aliyekulea ukawa hodari hivi kwa hasara yangu, na yule mwenzako mrefu aliyekuwa akiisalimia boriti kwa kichwa, na wote wanaolala pakavu.

Ni mimi bibi yako wa mteremkoni,
(alama ya dole gumba)

Nyongeza: Fundi, usije. Wifi aliandika mpaka mwisho bila kunung'unika, akaweka kalamu mezani, akasema barua ataileta kwako mwenyewe akiwa njiani kurudi kwake, maana yeye si mtu wa kukaa mahali anapotafutiwa vyura. Mtu mzima anasusa! Ngazi zile nimezishuka mbio nyuma yake, magoti sijui niliyaacha wapi. Ufa uache ulivyo. Vyura wabaki huko huko waliko. Na haya pia anayaandika yeye, amesimama wima, kanuna, kwa sababu kitanda kimejaa nguo alizozitoa kabatini, na begi la kuzitia nimelikalia mimi. Sinyanyuki. (Nimemwambia ajisogeze, nami nikae. – Mwandishi.)