Mdogo Wangu Kinyozi Amwogesha Mbwa wa Mchumba

Mdogo wangu kinyozi alizaliwa anajua. Ya vichwa anajua, ya mvua anajua, hata mahubiri huyasikiliza kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Alikuwa amemposa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mjane mwenye heshima zake. Mjane akasema atajibu akirudi kutoka kumwangalia mama yake, akatuachia mbwa wake siku tatu. "Mlisheni tu," alituambia.

Kulisha tu! Ndugu yangu akaona mapenzi hayawezi kuishia kwenye bakuli.

Asubuhi ya siku ya mjane kurudi, nikamkuta uani na koti lake jeupe la kazi, mbwa kamfunga kamba, beseni linafuka mvuke, pembeni sabuni ya unga ya kufulia.

"Mdogo wangu, maji hayo si yatamuunguza?"

"Dada, uchafu hautoki kwa kubembelezwa."

"Na sabuni hiyo? Mimi nikifulia tu, vidole vinababuka."

"Ngozi ni ngozi. Miaka ishirini nashika ngozi za watu. Wewe shika sala zako."

Nikazishika. Ila alipogeuka kutafuta taulo, nikamimina ndoo nzima ya maji baridi kwenye beseni. Mungu anisamehe hila ile.

Mbwa alisuguliwa kama sufuria ya harusi. Povu likamwingia masikioni. Akamwagiwa kopo moja la maji, eti amesuuzwa. Angeishia hapo tungeshukuru, lakini kinyozi hamwachi mteja bila kumpaka spiriti.

"Ya nini tena?"

"Ya kumburudisha, dada."

Mteja akaburudika. Alikata kamba, akampindua kinyozi ndani ya beseni, akatoka mbio hadi barabarani na kugaagaa vumbini, akijikuna kwa miguu yote minne. Mjane akashuka kwenye gari wakati huohuo. Akaona mbwa wake mweusi amekuwa mweupe kwa povu na vumbi, na nyuma yake mchumba amelowa chapachapa, anapunga taulo: "Njoo baba, njoo nikukaushe."

Tukampeleka mbwa kwa daktari wa wanyama, naye akatazama tumbo lililokuwa jekundu. "Nani kamwogesha?"

Ndugu yangu akatazama dari.

"Maji ya vuguvugu," daktari akasema. "Sabuni ya mbwa, si ya shuka. Unamsuuza mpaka povu liishe kabisa, na masikio unayakinga. Spiriti mpelekee mwenye kidevu."

Nje, ndugu yangu bado akathubutu kumuuliza mjane: "Na lile jibu langu?"

Mjane akampapasa mbwa. "Ninalo. Siku huyu akikuruhusu kuvuka kizingiti changu, njoo ulichukue."

Mbwa alipona upesi. Lakini huu mwezi wa nne, kila Jumamosi ndugu yangu anajipamba, anakwenda, na mbwa anasimama mlangoni na meno yote nje. Basi anaposa akiwa ng'ambo ya barabara, kwa kupaza sauti, na mtaa mzima umeshahifadhi maneno yake.

Juzi kikohozi kilimkatiza katikati. Muuza mkaa akammalizia.