Kitinda Mimba kwa Mujibu wa Fomu

Ofisi ya Usajili wa Familia ina furaha kuutangazia umma kwamba kanzidata yake mpya imekamilika, tena imesanifiwa kitaalamu. Tulichukua fomu ya kielektroniki, kila kisanduku kikapewa safu yake, na kisichokuwamo kwenye fomu hatukukitambua. Kila raia, mkubwa kwa mdogo, anaingia chini ya jina la mama yake. Nafasi za watoto ni tatu. Hiyo si sera, ukurasa tu ulikuwa umejaa. Fundi wa kompyuta alipohoji, Mkurugenzi alimkata kauli: "Wewe fuata fomu!"

Alhamisi nikiwa dirishani, mimi msaidizi wa Mkurugenzi, alikuja mshonaji mmoja na bintiye anayetakiwa kuanza shule Jumatatu. Bila namba yetu, shule haimpokei.

"Huyu ni wa nne," alisema.

"Wa nne hayupo, mama. Kitinda mimba wako ni yule wa tatu."

"Nimemzaa mwenyewe, bwana! Uchungu niliusikia mimi!"

"Uchungu hauna kisanduku."

"Sasa nimfanyeje, nimrudishe?"

Niliwashauri wasubiri kwenye benchi la nje. Binti alikumbatia mkoba wake mpya akawa ananitazama. Nilimwonea huruma, lakini kazi ni kazi.

Jioni alifika mama mzazi wa Mkurugenzi, tukampokea kwa heshima zote. Aliandikisha watoto watatu wa kwanza, nafasi zikaisha, akaaga.

Asubuhi mlango wa ofisi, unaomfungulia tu aliyemo kwenye kanzidata yetu, ulikikataa kidole cha Mkurugenzi.

"Fungua! Hunijui mimi?"

Mlinzi alichungulia skrini. "Shikamoo, mzee. Nakujua, ila kwenye mfumo humo."

"Mimi ni mtoto wa tano wa mama yangu!"

"Ndiyo tatizo lenyewe, mzee."

Mshonaji, aliyekuwa amerudi na bintiye, alimsogezea nafasi kwenye benchi. "Karibu, bosi. Tubanane tu."

Mkurugenzi alimpigia fundi simu akiwa pale pale, akataka fomu irekebishwe mara moja.

"Hamna shida, mzee," fundi alijibu. "Naomba tu sahihi ya Mkurugenzi. Lakini mfumo unasema hatuna Mkurugenzi."

Kanuni ziko wazi: kiti kikiwa kitupu, msaidizi anakaimu. Nilikikalia, kumbe ni kiti laini hasa, nikalipima suala kwa kina, nikatia sahihi. Binti alipata namba yake kabla ya mchana, akaondoka akirukaruka.

Umma unajulishwa kwamba nafasi ya nne imeongezwa rasmi. Ya tano bado tunaijadili.