Majina Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Mkurugenzi wa kituo chetu cha sanaa amenikabidhi ratiba ya mwezi, kama kawaida. Mimi ndiye ninayeiandika, kuichapa na kuibandika ubaoni pale mlangoni. Wapo wanaosema ni kazi ndogo. Waache waseme. Mwenye ratiba ndiye mwenye kituo.

Jumamosi ya tarehe 15 tutakaribisha mtaa mzima. Wachoraji watakuwa barazani, wafinyanzi uani, na saa tisa alasiri kuna nafasi moja tu katika ukumbi mkubwa, wenye jukwaa la kweli, pazia la kweli na viti mia mbili. Nafasi hiyo ni yangu. Nitaonyesha mchezo wangu wa mfalme mkaidi. Wahusika sita, mwigizaji mmoja. Mimi.

Nilimwambia mke wangu wakati wa chakula cha mchana. Yeye ni fundi cherehani, na katika miaka kumi na moja ya ndoa yetu hajawahi kuniona jukwaani, maana Jumamosi ndiyo siku ya wateja wake. Aliendelea kutia uzi kwenye sindano. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba safari hii atafunga duka aje. Nikajifanya ni jambo la kawaida. Nikatoka nje, nikaizunguka nyumba mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yameingia doa. Kinyozi wa pale kona naye anautaka ukumbi. Eti anaanzisha kwaya. Tena kwaya ya siku moja: anayependa anajiandikisha, anafika saa nane, anafundishwa wimbo, na saa tisa anaimba mbele za watu. Mazoezi hakuna. Nilimwambia mkurugenzi kwamba hiyo si sanaa, ni mkusanyiko.

Akasema kanuni ni ileile. Kila mmoja abandike karatasi yake ubaoni, na Alhamisi saa sita mchana karatasi yenye majina mengi ndiyo itapata ukumbi. Atakayeshindwa atapewa chumba cha vifaa, kule nyuma ya jengo.

Chumba cha vifaa! Kina ngazi tatu za kupakia rangi, mapipa, na dirisha moja linalotazama choo.

Nikachapa ratiba upya. Mchezo wangu kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, nikaweka kwamba pia kutakuwa na uimbaji. Mkurugenzi aliibandua kwa mkono wake mwenyewe. Akaniuliza kama ni macho yake yameharibika au ni mashine. Nikasema ni mashine.

Jumatano, 5 Machi

Karatasi ya kinyozi: majina ishirini na sita. Yangu: manne. Mawili ni ya kwangu mwenyewe, moja la ukoo na moja la kisanii. La tatu ni la shemeji yangu, aliyeandika kwa shingo upande. La nne limefutwa, ila linasomeka kidogo, kwa hiyo nimelihesabu.

Kinyozi anacheza rafu. Anasubiri mteja awe kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, ndipo anamuuliza kama anapenda kuimba. Nani atakataa? Mimi nilisimama mlangoni na kalamu tangu asubuhi. Watu wakaanza kupitia uani.

Jioni mke wangu aliniuliza wamejiandikisha wangapi. Nikasema hamsini. Akasema basi itabidi awahi, asije akakosa kiti.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tano na nusu, majina arobaini na moja kwa manne. Maji yalinifika shingoni. Lakini kichwa changu hufanya kazi vizuri zaidi wakati huo.

Hapa kwetu karatasi haitupwi ovyo. Karatasi za kujiandikisha hazina kichwa. Jina la onyesho huandikwa kwenye kipande cha kadi kinachobanwa juu yake kwa pini, ili karatasi ikiisha kazi itumike tena upande wa pili. Ni utaratibu wa kituo, na aliyeuanzisha ni mimi. Basi nikangoja karani wetu, anayekaa kando ya ubao, ainame kutafuta kalamu yake. Pini nne, sekunde kumi. Kadi yangu ikaenda juu ya yale arobaini na moja, ya kwake ikaja juu ya manne. Sikuandika wala kufuta jina la mtu, kwa hiyo hakuna aliyeghushi chochote.

Saa sita mkurugenzi alihesabu. Akahesabu tena. Akanipa mkono.

Karani ndiye aliyempigia kinyozi simu. Anasema kinyozi alisema ni kosa lake mwenyewe, mtu mwenye wembe shingoni hukubali lolote, kisha haji kuandika jina. Nilimwonea huruma. Si sana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwagiza karani awapigie simu wote arobaini na moja. Awaambie tarehe 15, saa nane kamili, ukumbi mkubwa, wasikose. Asiongeze neno. Mchezo ni saa tisa, najua, lakini nataka viti vya mbele vijae kabla mke wangu hajaingia. Akili hii sijui nimeirithi kwa nani. Si kwa baba.

Jumamosi, 15 Machi

Walikuja wote. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshavaa joho na taji, nasikia hatua zao. Zikavipita viti vya mbele. Zikapanda ngazi. Mara wakawa wamesimama nami jukwaani, wafupi mbele, warefu nyuma. Muuguzi mmoja mstaafu, mama mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima, akaniambia kwamba wako tayari, kinyozi hawamwoni, basi mimi mwenye joho niwe mwalimu, niwape maneno ya wimbo.

Niliwaeleza kwa upole kwamba mahali pao ni kule chini. Muuguzi akasema wao hawakujiandikisha kuja kukaa. Hapo ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimechukua waimbaji, si watazamaji. Sikuwa nimelifikiria hilo. Hakuna ambaye angelifikiria.

Kuwapeleka kwa kinyozi kulimaanisha kusema ukweli, na mke wangu alikuwa ameshafunga duka. Nikaamua wawe raia wa mfalme. Wasimame tu. Wakakubali. Saa tisa pazia likafunguliwa.

Viti mia mbili. Mtu mmoja. Mke wangu, safu ya tatu, katikati, na gauni jipya ambalo sikujua analishona. Ndugu na jamaa wa waimbaji walikuwa wamesoma ratiba yangu, iliyoandikwa vizuri sana, kwamba kwaya iko chumba cha vifaa. Wakaenda huko.

Nikajikaza. Nikanguruma nikiwauliza raia wangu ni nani aliyethubutu kunikatiza usingizi. Nyuma yangu sauti arobaini na moja zikauliza hivyohivyo, kwa tuni. Walidhani nawafundisha. Nikageuka nikawaambia wanyamaze. Nyamazeni, wakaimba, wanaume wakishuka kwa sauti nzito. Nikamnong'oneza muuguzi kwamba sivyo. Sivyo, wakaimba, polepole, na kusema kweli ilipendeza.

Dakika arobaini. Mfalme alikufa kwa sauti tatu. Kila tulipotua tulisikia vicheko vya watu wengi kutoka nyuma ya jengo. Mke wangu alicheka, kisha akalia, kisha akacheka huku ameziba uso kwa mkoba. Alipiga makofi peke yake mpaka mwisho. Sijawahi kuona haya namna ile.

Jumapili, 16 Machi

Nimezipata habari za chumba cha vifaa. Kinyozi alikaa saa nzima akingoja waimbaji, hakuja hata mmoja. Wakaja ndugu zao. Chumba kikafurika. Basi akapanda juu ya pipa la rangi akaanza kuwasimulia vichwa vyote alivyowahi kuviharibu na uongo aliowapa wenye vichwa hivyo. Peke yake, bila hata kunywa maji. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi.

Onyesho la mtu mmoja! Wazo langu! Mkurugenzi amemuahidi ukumbi mkubwa mwezi ujao, bila karatasi wala majina.

Mimi aliniita ofisini. Muuguzi alikuwa ameshamweleza kwamba yeye alijiandikisha kuimba. Mkurugenzi akaniambia niende kwa kinyozi nikakiri, na kabla ya hapo nisiguse ubao. Nilienda. Kinyozi akanikalisha kitini, akanifunga kitambaa, na kabla sijafungua mdomo akasema ile Alhamisi ilimuumiza mno, alikuwa ameapa hatasimama tena mbele za watu. Sasa anashukuru mambo yalivyokwenda. Asingejua kama ana kipaji.

Nikamwambia asijali. Nikarudi kumwambia mkurugenzi kwamba tumezungumza na hana kinyongo. Yote ni kweli. Amenirudishia pini.

Jumatatu, 17 Machi

Leo mke wangu aliniambia jambo. Alikuwa anakunja pindo, kwa hiyo hakunitazama. Akasema hakumwelewa yule mfalme hata kidogo. Lakini kwa miaka kumi na moja alikuwa akijiuliza huwa naenda wapi kila siku na kwa nini narudi nimechangamka, na sasa amepaona. Akasema inatosha. Nilimshika bega, ndicho kitu pekee nilichoweza.

Ombi lake ni moja tu. Kuanzia sasa nimwambie ukweli watu watakuwa wangapi. Hata wakiwa wawili atakuja. Hata asipokuwepo mtu atakuja, ila asidanganywe. Nikaahidi, mkono kifuani, na niliahidi kwa moyo wote.

Baadaye akauliza kama nitaigiza tena mwezi ujao. Nikasema ndiyo. Akauliza wamejiandikisha wangapi mpaka sasa.

Nikasema sitini. Karatasi bado sijaibandika.