Feni ya Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Mei
Mke wangu ametoa uamuzi. Feni ya bafuni inaunguruma kutwa kucha kwa sababu kila anayetoka anaisahau, na umeme unateketea bure. Nikamwambia aniachie mimi. Akauliza, kama nilivyoachiwa kengele ya mlango, ambayo tangu niitengeneze inalia mtu akifungua friji. Vijembe hivyo! Ila amenipa nafasi ya mwisho. Nikiharibu, sanduku langu la zana linakwenda kwa shemeji, kaka yake, moja kwa moja. Sanduku langu! Mama mkwe anakuja Jumamosi na dari la bafuni limepakwa rangi juzi tu. Lazima nishinde.

Jumanne, 5 Mei
Nimenunua swichi ya saa. Kitu kizuri ajabu. Ina uso na mishale kama saa ya ukutani, na vipini vidogo pembeni. Unabonyeza kipini kwenye saa unayotaka, feni inawaka yenyewe na kuzima yenyewe. Nimeifunga kwa mikono yangu, nikapigwa shoti mara moja tu, tena ndogo. Mishale nimeilinganisha na saa ya sebuleni. Sisi tunaoga saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo nimebonyeza kipini cha 12. Basi. Shemeji alipiga simu kuuliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu kwamba nimeshamaliza na sasa nakunywa chai. Kweli nilikuwa nakunywa chai.

Jumatano, 6 Mei
Asubuhi feni kimya. Bafu limejaa mvuke hadi mke wangu alitoka akipapasa ukuta. Nikamweleza kwamba kubana matumizi ndivyo kulivyo, mwanzoni kunauma. Hakucheka. Binti yetu naye analalamika kwamba usiku aliota ndege inatua juu ya paa. Nikamwambia apunguze kula kabla ya kulala. Jioni, feni kimya tena! Mama jirani akaniita uani, akasema mchana nyumba yetu haina mtu lakini kuna kitu kinaunguruma bafuni, kwa hiyo yeye amefunga milango yake yote. Nilimshukuru kwa adabu. Yule mama anapenda kutia chumvi.

Alhamisi, 7 Mei
Nimeirudisha swichi dukani. Muuzaji akaijaribu mbele ya wateja, ikawaka, ikazima, ikawaka. Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu tunaoga mchana. Nikamwambia sisi ni watu wenye kazi zetu. Wateja wakaangalia chini. Nimeifunga tena palepale, kipini palepale. Dari limeanza kutoa madoa meusi. Nimeyafuta na soksi.

Ijumaa, 8 Mei
Siku mbaya. Dari limebanduka, kipande kimedondoka kwenye ndoo mke wangu akiwa anaoga. Amempigia kaka yake bila hata kujifuta vizuri. Shemeji akaja, akaitazama swichi, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea: mshale mfupi wa saa ukiwa kwenye 12, ni saa ngapi?

Saa sita, nikajibu. Kila mtu anajua.



Halafu shemeji akakaa kwenye kizingiti cha bafu akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe feni imekuwa ikifanya kazi saa sita mchana, nyumba tupu, na saa sita usiku, sisi tumelala! Binti akasema basi ile ndiyo ndege yake. Mke wangu alikwenda stoo, akalileta sanduku la zana, akamkabidhi kaka yake. Nililinunua nilipooa, kabla hatujawa na kitanda. Iliniuma, siwezi kuficha. Shemeji akasema nihamishe tu kipini hadi 6. Nihamishe? Nimpigie magoti mtu na swichi kwa siku moja? Alipoondoka nimeizungusha mishale ya swichi saa sita nyuma. Sasa nayo inasoma saa kama tunavyoitaja sisi. Kipini changu kimebaki kwenye 12, mahali pake.

Jumamosi, 9 Mei
Feni imewaka saa kumi na mbili kamili! Mvuke wote nje! Mama mkwe amefika, ameisifu mwenyewe. Mke wangu alitabasamu, kidogo, lakini nimeona. Akasema nikikaa wiki nzima bila kugusa kitu, atamwomba kaka yake alirudishe sanduku. Bila kugusa kitu! Bahati nzuri bisibisi moja ilikuwa ndani ya soksi. Maana hita ya maji ya bafuni nayo inawaka ovyo, na mama mkwe huoga saa kumi na moja alfajiri. Nimeinunulia swichi yake ya saa na kuifunga kimyakimya, niwashangaze. Safari hii sikuacha mwanya. Mishale nimeirudisha saa sita nyuma kama ile ya feni, na kipini pia nimekihamisha, nikakiweka kwenye 5 kama anavyotaka shemeji. Usalama mara mbili.

Jumapili, 10 Mei
Alfajiri. Mama mkwe ameingia bafuni. Nimekaa kitandani nasubiri shukrani. Maji yamefunguliwa, na hita kimya kabisa, haipotezi umeme hata kidogo. Amepiga ukelele.

Nadhani ni wa furaha.