Shahidi Wangu Albertine

Jumatatu, 3 Machi 2025
Aibu gani hii! Jirani Ruphin amefuatwa nyumbani na jeep nyeupe. Amekaa mbele, mkono dirishani, anapungia mtaa mzima! Nimeuliza. Kumbe ni utafiti wa madaktari juu ya wazee wanaosahau. Ruphin! Tulifanya kazi reli pamoja, alikuwa anasahau zamu tangu ujana! Nimekata shauri. Na mimi ni mgonjwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimejiandikisha. Docteur Gracia, kijana lakini mkali, anataka kila mgonjwa aje na shahidi anayeishi naye. Safi! Mke wangu, Albertine. Nimemfundisha mambo matatu ya kusema: nilipotea njia ya Karavia ninayopita kila siku, nilimwita shemeji kwa jina la marehemu, nilienda misa na viatu visivyofanana. La tatu likamtoka akilini. Tukarudia. La pili likamtoka. Nimemkaripia: ananiharibia ugonjwa!

Alhamisi, 6 Machi
Kwenye kipimo, tarehe nimekosea kwa ustadi. Kati ya maneno matano ya kukumbuka nimetaja mawili, nikaguna. Halafu nikalalamika kwamba jeep ilimfuata Ruphin Jumatatu saa mbili na dakika kumi, na mimi je? Docteur akacheka. Akasema kumbukumbu yangu ni nzima, nirudi nyumbani.

Lakini alikuwa ameshamuuliza Albertine kama jana alienda kanisani. Hapana, alijibu, Majivu bado. Bado! Padri alimpaka majivu mbele ya macho yangu! Nikadhani anaigiza, nikamfinya. Akaniuliza kwa nini namfinya. Docteur akamwomba ataje watoto wetu. Akataja watatu.

Tunao wanne. Aliyesahauliwa ni Léa, mtoto wetu wa kwanza, aliyemshonea gauni alilovaa. Mungu wangu!

Ijumaa, 7 Machi
Sijala. Docteur anamtaka Albertine kwenye utafiti. Watamfuatilia mwaka mzima, wajue ugonjwa umefika wapi, wamsaidie mapema. Sharti moja: majibu yawe yake mwenyewe, nisimfundishe neno. Shahidi sasa ni mimi. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na sikuona kitu! Naogopa sana. Nimelia chooni. Albertine amegonga mlango: "Baba Léa, unalia juu ya nini?"

Baba Léa! Amemkumbuka! Nikalia zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Kesho ni zamu ya Albertine kupimwa. Baada ya misa Ruphin amejigamba: alama ishirini na mbili kati ya thelathini! Mke wangu ashindwe na Ruphin? Haiwezekani! Tangu mchana namkaririsha tarehe, siku, watoto wanne, na yale maneno matano niliyoyasikia Alhamisi. Amechoka, lakini anaendelea vizuri. Sasa hivi amesema: "Lakini docteur alikatazaka."

Nimeshtuka. Hilo analikumbuka sawasawa! Nimemwambia hapana, mama, umesahau, docteur hakusema hivyo. Tumeanza tena kwa Léa.