Ramani ya Mlima wa Pembe Mbili

Ijumaa, 9 Agosti

Safari kesho! Wiki tatu sasa tangu mke wangu afunguliwe bandeji za macho, na bado anashukuru kila kitu. Ameshukuru birika. Ameshukuru uzi kuingia kwenye sindano. Jana alinitazama kwa kituo, akasema kumbe nimezeeka hivi! Akashukuru hata hivyo.

Ameomba kitu kimoja tu: kuuona mlima wangu. Miaka arobaini na moja ya ndoa nimemsimulia mlima wa kwetu wenye pembe mbili, kama ng'ombe aliyejilaza. Niliuacha nikiwa na miaka kumi na miwili, siku tuliyohama, mimi nyuma ya lori juu ya magodoro. Sijarudi. Shemeji, kaka yake, mwalimu wa jiografia mstaafu, anadai mlima huo haupo. Anauita mlima wa mdomo. Nisipomwonyesha mke wangu safari hii, nitazikwa na jina la mwongo.

Nimechora ramani kutoka kichwani. Njia panda tatu. Siku ile tulikuwa tukishuka, kesho tunapanda. Kwa hiyo kila penye kushoto nimeandika kulia. Mtu wa kawaida angesahau jambo hilo.

Jumamosi, 10 Agosti

Vita vya kiti cha mbele. Niliwahi garini kabla ya chai. Nikakuta kofia ya shemeji imeshakaa! Nikaihamishia nyuma. Akaja, akalalamikia kiuno. Nikalalamikia goti. Binti yangu, dereva wetu, akasema mbele atakaa Mama. Mafahali wawili tukatupwa nyuma, mjukuu wangu katikati akiwa mpaka.

Shemeji ana simu yenye ramani inayosema. Mke wangu anamshukuru yule mama wa kwenye simu kila akituelekeza. Haivumiliki. Tuliposimama kununua ndizi, nikauchomoa waya wa chaja. Hamadi ya wengine ni kibindoni; yangu, waya huo, imo soksini.

Jumapili, 11 Agosti

Asubuhi simu ikakata roho milimani. Wote wakautafuta waya. Mimi nikautafuta kuliko wote. Hatimaye binti akauliza, Baba, iko wapi hiyo ramani yako? Nikaikunjua taratibu, kama hati ya ufalme.

Njia panda ya kwanza: kulia! Tukatokea kwenye tanuri la matofali. Wafanyakazi wakatupungia. Mke wangu akashukuru wekundu wa matofali. Nikasema barabara zimehamishwa.

Ya pili: kulia! Uani kwa mfuga nyuki. Tukafunga vioo, tukarudi kinyumenyume. Shemeji anaimba.

Ya tatu: kulia! Machimbo ya kokoto. Barabara imekwisha. Ukungu kila upande. Shemeji akashuka, akajinyoosha, akauliza ng'ombe wangu amelala wapi, chini ya kokoto?

Hapo mjukuu akauliza: Babu, kwenye lori ulikaa ukitazama wapi? Nikamwambia, nyuma, wapi tena? Nikiuaga mlima mpaka ukapotea.

Shemeji akapiga yowe la furaha. Basi ulikuwa umeelekea juu, akasema, kama sisi leo! Kushoto kwako kulikuwa kushoto huku huku! Mzee mzima amegeuza kitu kisichotaka kugeuzwa! Akacheka hadi akaketi.

Kumbe safari nzima ile nilikuwa nimeelekea nyumbani.

Mke wangu hakuwa akitusikiliza. Alisimama juu ya lundo la kokoto, mkono kwenye paji la uso. Akasema, Mzee wangu, hukuniambia kwamba pembe moja ni fupi.

Ukungu ulikuwa umepasuka. Mlima ulikuwa pale. Mzima! Umejilaza! Na kweli, pembe ya kulia ni fupi. Nilikuwa nimesahau.

Shemeji alivua kofia. Akakiri kwamba, kwa mbali, zinaweza kuitwa pembe. Binti akacheka huku analia. Mjukuu akaupigia mlima mlio wa ng'ombe. Mke wangu akaushukuru mlima, macho yake, machimbo, kisha, akinishika mkono, ramani yangu. Alisema barabara sahihi ingetupitisha kule chini tu, bondeni kwenye ukungu, tusione kitu.

Shemeji alisikia. Nilihakikisha. Niliyarudia maneno hayo mara nne.

Jumatatu, 12 Agosti

Tunashuka leo. Shemeji anataka kuazima chaja kwa mwenye nyumba ya wageni. Ya nini? Ramani yangu imeshathibitishwa.

Nimechora mpya. Ile ya jana iligeuzwa kimakosa, kwa hiyo nimeigeuza. Kisha nikakumbuka kwamba sasa tunashuka, nikaigeuza tena. Kwa usahihi zaidi nimeomba kukaa kwenye buti, nikitazama nyuma. Binti amekataa. Tutaona.

Chaja ya mwenye nyumba ninayo tayari. Imo kwenye soksi ya kushoto. Yaani ya kulia, kwa mtu anayeshuka.